EPYC 9354 au Xeon Gold 6548Y+: kipi kiingie kwenye seva yako?

Anayetafuta seva yenye kore 32 (vitengo vya kuchakata) kwa kila soketi, yaani kila nafasi ya kichakataji kwenye bodi, mara nyingi hubaki na makadirio mawili ya bei mkononi. Moja lina AMD EPYC 9354, jingine lina Intel Xeon Gold 6548Y+. Bei za vichakataji vyenyewe zimekaribiana, idadi ya kore ni ileile, na kila muuzaji ana chati ya kuonyesha kwamba chake ndicho chenye kasi. Hapo ndipo watu hukwama.

Nimevichagua hivi viwili makusudi. Kore zikilingana, leseni nyingi zinazotozwa kwa kore hulingana pia, na hakuna upande unaoshinda kwa wingi tu. Kinachobaki ni tofauti za muundo, nazo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ninavyoona mimi, swali la kuuliza ni hili: kazi zangu, zinapokwenda polepole, huwa zinasubiri nini? Zinasubiri kore, zinasubiri data kutoka kwenye RAM, zinasubiri diski, au zinasubiri hesabu za aina moja ambazo kichakataji kimoja kimeundiwa kuzifanya? Ukilijua jibu hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Vigezo

Nitavipima kwa mambo sita: kasi ya kore mzigo unapokuwa mkubwa, kache (hifadhi ndogo ya haraka ndani ya kichakataji) na RAM, njia za PCIe (zinazounganisha diski na kadi), vichapuzi vilivyomo ndani (sakiti za kazi maalumu), umeme, na gharama ya mashine nzima. Hilo la mwisho nalipa uzito mkubwa, maana kichakataji hakinunuliwi peke yake. Sitaweka alama za jumla za majaribio ya kasi. Alama hizo hubadilika kwa toleo la kikusanyi cha programu, kwa mipangilio ya BIOS na kwa namna RAM ilivyojazwa, na mara nyingi hupima kazi ambayo wewe huifanyi.

Kwanza takwimu za watengenezaji:

| | EPYC 9354 | Xeon Gold 6548Y+ |
|---|---|---|
| Kutangazwa kwa kizazi chake | Novemba 2022 | Desemba 2023 |
| Kore / nyuzi (mikondo ya kazi, miwili kwa kore) | 32 / 64 | 32 / 64 |
| Kasi ya msingi | 3.25 GHz | 2.5 GHz |
| Kasi ya juu kabisa | 3.8 GHz | 4.1 GHz |
| Kache ya L3 | MB 256 | MB 60 |
| Kache ya L2 kwa kore | MB 1 | MB 2 |
| RAM | Chaneli 12, DDR5-4800 | Chaneli 8, DDR5-5200 |
| Njia za PCIe 5.0 kwa soketi moja | 128 | 80 |
| Kiwango cha umeme (TDP) | Wati 280 | Wati 250 |
| Bei ya orodha ilipotangazwa | Dola 3,420 | Dola 3,726 |

Kasi ya kore

Tazama nafasi iliyopo kati ya kasi ya msingi na kasi ya juu. Kwa EPYC nafasi hiyo ni finyu, kutoka 3.25 hadi 3.8. Maana yake ni kwamba kore zote 32 zikishikwa na kazi nzito, kila moja bado inakimbia karibu na uwezo wake wa juu. Ukikusanya msimbo mkubwa, ukibadilisha umbizo la video, au ukiendesha mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya seva) nyingi zilizo na shughuli kwa wakati mmoja, utaiona faida hiyo na itatulia saa nzima bila kuyumba.

Xeon ina nafasi pana zaidi, kutoka 2.5 hadi 4.1. Kore chache zikiwa kazini na nyingine zimelala, hizo chache hupanda juu kuliko za EPYC. Programu za zamani zinazofanya kazi kwa uzi mmoja, au hifadhidata ambayo swali moja zito ndilo linalowachelewesha watumiaji, hufaidika hapo. Lakini jinsi kore nyingi zinavyoamka, ndivyo kasi inavyoshuka kuelekea chini.

Vyote viwili vinaelewa maagizo ya AVX-512, yanayofanya hesabu za namba nyingi kwa agizo moja. Xeon ina vitengo vya biti 512 kamili, ilhali EPYC ya kizazi hiki hupitisha agizo hilo mara mbili kwenye vitengo vya biti 256. Kwa hesabu nzito za kisayansi zilizoandikwa kwa ajili ya upana huo, hilo ni jambo la kuzingatia. Kwa seva ya tovuti halitaonekana kabisa.

Kabla ya kuamua, ingia kwenye seva uliyo nayo saa za shughuli nyingi na uendeshe `mpstat -P ALL 5`, amri ya Linux inayoonyesha mzigo wa kila kore. Ukikuta kore mbili tatu zimefika asilimia 100 na nyingine zinapumzika, kasi ya juu ina thamani kwako. Ukikuta zote ziko juu, angalia kasi ya msingi.

Kache na RAM

Sehemu hii ndiyo inayobeba uamuzi kwa watu wengi, na ndiyo inayosomwa haraka mno.

EPYC 9354 haikutengenezwa kwa kipande kimoja. Ina vipande vinane vya kore, na kila kimoja kina kore nne zinazofanya kazi na kache ya L3 ya MB 32. Katikati kuna kipande kingine kinachoshughulikia RAM na PCIe. Jumla ya kache ni MB 256 kweli, ila kore moja hujiwekea data kwenye MB 32 za kipande chake tu. Hata hivyo kwa kore nne hizo ni MB 8 kwa kila kore. Xeon hii ni kipande kimoja cha silikoni, na kache yake ya MB 60 hutumiwa na kore zote kwa pamoja, yaani chini ya MB 2 kwa kila kore zote zikiwa kazini. Inajifidia kidogo kwa L2 kubwa zaidi, MB 2 kwa kore badala ya MB 1.

Faida ya EPYC hapa huja pale kila kazi inapojitegemea. Mashine pepe zenye nyuzi nane au pungufu hutosha ndani ya kipande kimoja: kore nne, nyuzi nane, kache yao wenyewe, na jirani mwenye fujo aliye kwenye kipande kingine hawezi kuitoa data yao kwenye kache hiyo. Kwa mtu anayekodisha mashine pepe ndogondogo au anayeendesha kontena nyingi, huu ni mpangilio mzuri sana. Mashine pepe ikizidi hapo, kwa mfano ya nyuzi 24, itaenea vipande vitatu au zaidi, na nyuzi zake zinapogombania data ileile, kila mabadiliko lazima yapitie kipande cha katikati. Ucheleweshaji huongezeka. EPYC ina mipangilio ya kupunguza tatizo hili, kama kuigawa soketi katika maeneo mawili au manne ya NUMA (kila eneo na kore zake na RAM iliyo karibu nazo), au kuuonyesha mfumo endeshi kila kache ya L3 kama eneo lake. Mipangilio hiyo inafanya kazi, lakini inamtaka msimamizi anayeielewa.

Xeon haikulazimishi kufikiria hayo kwa kiwango hicho. Hifadhidata moja kubwa yenye nyuzi nyingi zinazoshindania kufuli zilezile hukaa vizuri kwenye kipande kimoja, na mtu asiye na muda wa kupanga NUMA atapata matokeo ya kuridhisha kwa mipangilio iliyotoka kiwandani.

Sasa RAM. Chaneli 12 za DDR5-4800 hutoa gigabaiti 460.8 kwa sekunde kinadharia, na chaneli 8 za DDR5-5200 hutoa 332.8. Ni tofauti ya karibu asilimia 38, na kwa kazi zinazomeza data nyingi kutoka kwenye RAM, kama uigaji wa mtiririko wa hewa na maji, uchambuzi wa jedwali kubwa zilizopakiwa zote kwenye RAM, au kuendesha modeli za lugha bila GPU, tofauti hiyo hufika mpaka kwa mtumiaji.

Lakini tofauti hiyo unaipata ukijaza chaneli zote 12 tu. Nimeona makadirio mengi ya bei ambapo EPYC imewekewa vijiti vinane vya RAM ili kupunguza gharama. Chaneli nane za 4800 hutoa gigabaiti 307.2 kwa sekunde, pungufu kuliko Xeon uliyoiacha. Umelipia muundo wa chaneli 12 kisha ukaacha theluthi yake wazi. Muuzaji akikuletea makadirio ya namna hiyo, mrudishie ayaandike upya.

Kuna suala la ujazo pia. Kwa chaneli 8, vijiti vya GB 32 hukupa GB 256, na vya GB 64 hukupa GB 512. Kwa chaneli 12, hatua zinazofuata mpangilio ni GB 192, 384 na 768. Ukihitaji GB 256 kamili wala si zaidi, Xeon inaingia sawasawa. EPYC itakulazimisha upande hadi 384, na RAM ya seva yaweza kugharimu zaidi ya kichakataji chenyewe. Ukihitaji RAM nyingi mno, EPYC hubeba hadi TB 6 kwa soketi, Xeon TB 4. Kwa pande zote mbili, ukiweka vijiti viwili kwenye chaneli moja kasi hushuka, kwa hiyo panga ujazo wako kwa kijiti kimoja kwa chaneli kadiri inavyowezekana.

Njia za PCIe

Diski moja ya NVMe (diski ya kasi inayounganishwa kwa PCIe) hutumia njia nne. Diski 24 hula njia 96. EPYC ya soketi moja inabaki na 32 kwa ajili ya kadi za mtandao, na seva ya hifadhi inakamilika bila kichakataji cha pili. Xeon ya soketi moja ina njia 80, ambazo huishia diski 20 bila nafasi ya mtandao wa kasi. Ili kufika 24 itabidi uongeze soketi ya pili au swichi ya PCIe, na vyote viwili ni gharama. Hali ni hiyohiyo kwa seva ya GPU: kadi nne zenye njia 16 kila moja huchukua 64, na kwenye Xeon hubaki 16 tu.

Kwa seva ya kawaida yenye diski nne hadi sita na kadi mbili za mtandao, njia 80 zinatosha na kusaza. Usilipie nafasi ambazo hutazijaza.

Vichapuzi na hesabu za akili unde

Hapa Xeon ina kitu ambacho EPYC haina. Kila kore yake ina AMX, vitengo vya kuzidisha matriki (majedwali ya namba) kwa namba fupi za INT8 na BF16. Modeli za wastani za kutambua picha, kupanga maandishi au kutafuta kwa maana, zikiendeshwa kupitia maktaba za programu kama PyTorch au OpenVINO kwa aina hizo za namba, huongezeka kasi kwa kiasi cha kuonekana bila kununua GPU. EPYC 9354 nayo ina maagizo ya VNNI na BF16 ndani ya AVX-512, lakini hayalingani na AMX kazi ikiwa ni matriki matupu. Modeli ikiwa kubwa na ikatoa neno mojamoja, kikwazo huhamia kwenye RAM, na chaneli 12 huanza kuwa na uzito.

Alama ya kujumlisha kwenye jina 6548Y+ inaonyesha kwamba vichapuzi vinne vimewashwa, kimoja cha kila aina: QAT kwa usimbaji fiche na ubanaji wa data, DSA kwa kunakili data, IAA kwa uchambuzi na ubanaji ndani ya hifadhidata, na DLB kwa kugawa kazi za mtandao. QAT ndiyo niliyo tayari kuitetea: lango la mtandao linalofungua miunganisho mingi mipya ya TLS (miunganisho iliyosimbwa) kila sekunde, au mfumo wa nakala za akiba unaobana data usiku kucha, huachia kore kazi nyingine. Vile vingine vinategemea programu yako kama inavijua. Kichapuzi ambacho programu haikiiti ni silikoni iliyokaa bure, kwa hiyo fungua nyaraka za programu yako kabla ya kukihesabu kama thamani.

Kwa ulinzi wa mashine pepe dhidi ya anayezisimamia, EPYC hutumia SEV-SNP na Xeon hutumia TDX. Vyote viwili husimba RAM ya mashine pepe, na hapa kinachoamua ni mfumo unaoutumia unakubali kipi.

Umeme

Wati 280 dhidi ya 250. Tofauti ya wati 30, mzigo ukiwa kamili mwaka mzima, ni kama kWh 263, ukiongeza na ubaridi. Kwa seva moja si pesa ya kukunyima usingizi. Kwa kabati zima lenye kikomo cha umeme, inaweza kuamua idadi ya seva zitakazoingia. Hata hivyo TDP si kipimo cha matumizi halisi, na kichakataji kinachomaliza kazi mapema hurudi kupumzika mapema. Cha maana ni umeme kwa kila kazi iliyokamilika, na hilo hupimwa kwenye kifaa cha kugawa umeme cha kabati, halisomwi kwenye jedwali.

Gharama ya mashine nzima

Kwa bei za orodha, kore moja ya EPYC 9354 ni karibu dola 107, ya Xeon karibu 116. Tofauti hiyo ndogo humezwa na punguzo lolote la mezani. Mambo mengine yana uzito zaidi.

La kwanza ni EPYC 9354P. Ni kichakataji hichohicho, ila kinakubali soketi moja tu, na bei yake ya orodha ilikuwa dola 2,730. Kama hutaongeza soketi ya pili kamwe, hii ndiyo ya kulinganisha na Xeon, na inashuka hadi karibu dola 85 kwa kore. Kwa Intel, yupo ndugu aitwaye Xeon Gold 6530: kore 32, kache ya L3 ya MB 160, bei ya orodha dola 2,128, ila kasi ya msingi ni 2.1 GHz na RAM hushuka hadi 4800. Anayebanwa na bajeti huku kazi zake zikipenda kache aiulizie bei.

La pili ni klasta uliyo nayo. Mashine pepe inayofanya kazi haiwezi kuhamishwa kutoka seva ya Intel kwenda ya AMD bila kuzimwa. Ukiwa na seva sita za Xeon zinazobebana wakati wa hitilafu, kuongeza EPYC moja ni kuanzisha kisiwa. Hapo nafuu ya bei haina maana, isipokuwa kama unabadilisha klasta nzima.

La tatu ni leseni. Windows Server na SQL Server hutozwa kwa kore, hivyo hapa pande zote ni sawa, na aliye na kasi zaidi kwa kore ndiye anayekurudishia pesa ya leseni. Oracle Database Standard Edition ni habari nyingine. Sera yake ya leseni huhesabu soketi, lakini kwa kichakataji chenye vipande vingi husema kila kipande kihesabiwe kama soketi iliyojazwa. EPYC ina vipande vingi. Usinunue kabla hujapata jibu la maandishi kuhusu jambo hilo.

La nne ni maisha ya bodi. Soketi ya SP5 ya EPYC hii ilikuja kubeba pia familia ya EPYC 9005 iliyotangazwa Oktoba 2024, na bodi nyingi huikubali baada ya kusasisha BIOS, alimradi ziweze kuhimili umeme wa kichakataji utakachoweka. Soketi ya LGA 4677 ya Xeon ilibeba vizazi vya nne na vya tano, kisha Xeon 6 ikahamia soketi nyingine. Anayebadilisha seva nzima kila baada ya miaka mitano hatajali. Anayeongeza nguvu kidogokidogo atajali sana.

Kwa hali yako

Unakodisha au unaendesha mashine pepe nyingi ndogo na unaanza klasta mpya: EPYC 9354 inakaa vizuri, na kama ni soketi moja chukua 9354P. Jaza chaneli zote 12.

Una klasta ya Xeon inayofanya kazi vizuri na unaongeza seva moja au mbili: baki na Xeon.

Seva yako ni ya hifadhi yenye diski nyingi za NVMe, au ya GPU kadhaa: njia 128 za EPYC zitakuokoa gharama ya soketi ya pili.

Unaendesha modeli za akili unde za ukubwa wa wastani bila GPU, au lango la TLS lenye msongamano: 6548Y+, baada ya kuhakikisha kwamba programu yako inaita AMX au QAT.

Uigaji wa kisayansi na uchambuzi unaonyonya RAM huelekea EPYC. Ila kama msimbo wako umesukwa kwa maktaba za Intel na AVX-512, pima kwanza.

Hifadhidata moja kubwa, RAM ya GB 256 au 512, na hakuna mtu wa kupanga NUMA: Xeon itakupa usumbufu mdogo. Ukiwa na mtu huyo, na hifadhidata ikiwa inasoma zaidi kuliko inavyoandika, kache ya EPYC inafaa kujaribiwa.

Ukibaki katikati, kodi vyote viwili kabla ya kununua. Kwenye Google Cloud, familia ya C3D hutumia EPYC za kizazi hiki na N4 hutumia Xeon za kizazi cha tano. Si vichakataji hivihivi hasa, lakini ni vya vizazi vilevile. Chukua idadi sawa ya vCPU (nyuzi unazokodi), peleka nakala ya kazi yako halisi pamoja na data inayolingana, na iache iende saa kadhaa ili kasi ya mwanzo itulie. Andika muda ambao ndani yake asilimia 99 ya maombi hukamilika, si wastani peke yake, kisha gawanya gharama ya mashine nzima kwa kazi ilizomaliza.